Wiki Moja Pwani: Hisabu ya Mali Isiyo na Hati

Mtaa wa Kinoru, ulio pembezoni mwa mji wa Meru, ulisikika nchi nzima tarehe 1 Juni 2018, pale sherehe za Madaraka zilipofanyika katika uwanja wake. Walakini wauza likizo wa Nairobi na Mombasa hawakuhitaji gwaride ili waujue, kwani wao huijua miji kwa wasaa wa watu wake, na katika Kinoru na mitaa jirani wanakaa walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, wenye maduka ya pembejeo na wafanyabiashara wa miraa na parachichi, yaani watu wenye kipato kinachotosha kuitamani bahari na kisichotosha kununua nyumba kando yake.

Mwito huja kwa simu, aghalabu saa za kazi, kwa sauti yenye bashasha. "Hongera, mwalimu! Nambari yako imebahatika. Umepata siku tatu za bure Mombasa, wewe na madam." Sharti huwa moja tu: waje wote wawili, mume na mke, katika ukumbi wa hoteli fulani mjini, wasikilize maelezo kwa dakika tisini, kisha wachukue zawadi yao waende zao. Sharti hilo la wawili halikuwekwa kwa adabu wala kwa ukarimu. Ajaye peke yake anaweza kusema, "Niache kwanza nikashauriane nyumbani," na hilo ndilo neno ambalo muuzaji hataki kulisikia mchana kutwa.

Kinachouzwa katika ukumbi huo ni umiliki wa zamu, au taimsheya kama wauzaji wenyewe wanavyouita: nyumba moja ya likizo hugawanywa kwa wiki za mwaka, na kila wiki ikapewa mnunuzi wake, ambaye hulipa kiasi kikubwa mara moja na kiasi kidogo kila mwaka. Wengine huuziwa wiki maalumu, tuseme ya pili ya Agosti. Wengine wiki ya kuelea, watakayoiomba wakiwahi. Wengine alama, mithili ya fedha za kampuni, ambazo kampuni yenyewe ndiyo hupanga zinunue nini. Na wengine, ambao kwa maoni yangu ndio waliopunjwa zaidi, hawauziwi wiki wala alama, bali uanachama wa klabu unaowapa haki ya kupunguziwa bei katika hoteli ambazo, wakizipigia simu wenyewe siku isiyo ya msimu, huenda zikawapunguzia vivyo hivyo.

Biashara hii haikuzaliwa kwetu. Hapimag ilianzishwa Uswisi mwaka 1963, ikiuza hisa zilizompa mwenyewe haki ya kulala katika nyumba za kampuni. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini wenye makao ya Superdévoluy, katika milima ya Alps ya Ufaransa, wakawashauri wageni waache kukodi chumba na wanunue wiki. Na mwaka 1974 Jon na Christel DeHaan wakaanzisha RCI huko Indianapolis, Marekani, shirika lililomwezesha mwenye wiki Florida kuibadilisha kwa wiki ya mwenziwe wa Hispania. Ubadilishanaji huo ndio ulioikuza biashara kuliko jambo lolote jingine, kwani tangu hapo muuzaji hakuuza tena chumba kimoja cha mahali pamoja, bali ramani nzima ya dunia iliyotundikwa ukutani, ikiwa na nukta nyekundu kutoka Malindi hadi Miami. Kwamba kila nukta ina ada yake, na kwamba ada ya kubadilishana wiki moja imekwisha kupita dola 200, ni habari inayopatikana nyuma ya karatasi.

Nimepata kuazimwa mkataba wa namna hii na jirani mmoja, wa kampuni ambayo sitaitaja, nikausoma kutoka bismillahi hadi sahihi. Ukurasa wa kwanza ni wa picha na herufi kubwa, na bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Ukurasa wa sita, kwa herufi ambazo mtu wa makamo huzisoma kwa kuusogeza mwanga, una sentensi isemayo kwamba ada ya matunzo "itapangwa na uongozi kila mwaka kwa kadiri ya mahitaji," bila ya kikomo, bila ya fomula, na bila ya kumtaja mwenye wiki kuwa mtu wa kuulizwa. Kifungu kinachofuata humpa uongozi huo huo ruhusa ya kudai mchango wa ziada iwapo jengo litahitaji matengenezo makubwa. Na jengo la pwani litayahitaji, kwani chumvi ya bahari hula chuma cha dari, mabomba ya maji na mashine za baridi kwa kasi ambayo mkaazi wa Kinoru, aliyezoea bati lake kudumu miaka thelathini chini ya ubaridi wa mlima, hawezi kuidhania. Jirani yangu alikuwa ameweka sahihi kila ukurasa, pamoja na ule wa sita.

Hebu basi tuifanye hisabu yenyewe, kwa tarakimu nilizozikadiria mimi, ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha kwa zile za mkataba wake. Tuchukue kwamba mwalimu wetu anauziwa wiki moja kwa mwaka katika nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 480,000, na ada ya matunzo inaanza kwa shilingi 38,000, ikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka. Nimeiweka asilimia 7, ambayo ni juu kidogo ya mfumuko wa kawaida wa bei, kwa sababu jengo huzeeka, na pia kwa sababu wamiliki wanaochoka kulipa huacha fungu lao la gharama mabegani mwa wale wanaoendelea kulipa. Katika miaka kumi ada hizo peke yake hufika shilingi 525,000 na ushei, yaani zaidi ya bei ya kununulia, na jumla huwa shilingi 1,005,000. Akiwa amekwenda kila mwaka pasipo kukosa hata mara moja, amelala usiku 70, na kila usiku umemgharimu takriban shilingi 14,400, kabla ya nauli na kabla ya samaki wa kwanza kuingia chunguni.

Lakini nani huenda kila mwaka? Mwaka mmoja kuna mtoto anayeingia shule ya sekondari, mwaka mwingine kuna mazishi, mwaka mwingine walimu wamegoma na kalenda ya shule imepinduka, na mwaka wa 2020, wa korona, hakuna aliyekwenda popote. Akienda mara sita katika miaka kumi, usiku wake ni 42 na kila mmoja umemgharimu karibu shilingi 23,900, bei ambayo kwayo angepokewa katika hoteli ya fahari yenye kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ada haijui kwamba hukwenda. Hapo ndipo umiliki wa zamu unapoachana na kukodi: mpangaji asiyesafiri hatoi hata senti, ilhali mmiliki asiyesafiri hulipa kwa ukamilifu ili feni ya chumba chake izunguke juu ya kitanda kitupu.

Insafu yataka upande wa pili nao usikilizwe, kwani muuzaji ana hoja moja yenye uzito, nayo ni kwamba kodi za nyumba za likizo nazo hupanda. Ni kweli. Tuseme nyumba ya kiasi hicho hicho, ya kujipikia, hukodiwa Diani au Watamu kwa shilingi 9,000 kwa usiku, nayo ikapanda kwa asilimia 5 kila mwaka: kwa wiki moja kila mwaka, mpangaji atakuwa ametoa shilingi 792,000 katika miaka kumi, na shilingi 2,083,000 katika miaka ishirini. Mmiliki kwa miaka hiyo ishirini atakuwa ametoa 480,000 zake za mwanzo pamoja na ada za shilingi 1,558,000, jumla 2,038,000. Kwa hiyo mtu mwenye nidhamu ya kijeshi, asiyeugua, asiyefiwa, asiyehamishwa kazi, anayependa mahali pale pale kwa miongo miwili, mwishowe humshinda mpangaji kwa kama shilingi 45,000. Hilo nalikubali.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakikuandikwa katika karatasi ya muuzaji, wala hakiwezi kuandikwa humo, maana kikiandikwa meza huvunjika: zile shilingi 480,000 zingekuwa zimefanya nini kama zingebaki Meru? Mtu anayeziweka katika akiba za sacco yenye kugawa asilimia 8 hupata shilingi 38,400 katika mwaka wa kwanza, kiasi ambacho, tazama, kingelipa ada nzima ya matunzo ya mwaka huo na kubakiza nauli ya bodaboda. Akiziacha zizaliane kwa miaka ishirini, zitakuwa zimefika shilingi 2,237,000. Mpangaji wetu, kwa hivyo, ana rasilimali inayokua kando yake wakati mmiliki hana, na yale manufaa ya shilingi 45,000 yanamezwa mara kadha wa kadha. Wengine wataona asilimia 8 ni nyingi. Basi na waweke 5, wapige hisabu upya, na bado watamkuta mpangaji mbele.

Mambo huzidi kuwa mazito pale ambapo zile 480,000 hazikuwako mfukoni, bali zilikopwa. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ambayo ni riba ya kawaida katika sacco zetu nyingi, mkopo huo hurudishwa kwa miezi 48 kwa shilingi 12,640 kila mwezi, jumla karibu 607,000. Miaka minne mfululizo, hati ya mshahara ya mwalimu inakatwa kwa ajili ya wiki ambayo pengine ameilala mara mbili.

Kisha iko dola. Baadhi ya kampuni za namna hii hutoza ada zao kwa fedha za Marekani, na mnunuzi, akiwa katika furaha ya ukumbi, huona ni heshima. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 88, hivyo ada ya dola 300 ilikuwa shilingi 26,400. Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160, ada ile ile, ambayo haikuongezwa hata senti moja, ilikuwa imepita shilingi 48,000. Shilingi ilijikongoja ikarudi karibu na 129 baadaye mwaka huo, walakini mishahara ya Kinoru haikupanda wala kushuka pamoja nayo. Mmiliki alikuwa amenunua, bila ya kuambiwa, hatari ya sarafu ambayo hata mabenki hulipana ili kuiepuka.

"Hii si gharama, mwalimu, hii ni mali, utawaachia watoto." Maneno haya, au ndugu zake, husemwa karibu na mwisho wa zile dakika tisini, na ndiyo yanayohitaji kupimwa kwa makini kuliko yote. Mali nchini Kenya ina ushahidi wake: shamba au ploti ina hati miliki, na chini ya Sheria ya Milki za Sehemu ya mwaka 2020 hata nyumba moja ndani ya ghorofa yaweza kuwa na hati yake yenyewe, ikasajiliwa, ikawekwa rehani, ikarithiwa. Mwenye wiki aghalabu hupewa cheti chenye nembo ya dhahabu na sahihi ya mkurugenzi. Aende nacho benki aombe mkopo, aone watakavyomtazama.

Na kuiuza? Ng'ombe wa maziwa aliyezeeka hupelekwa mnadani na bado ana bei ya nyama. Wiki ya likizo haina mnada. Marekani kwenyewe, ambako soko lake ni kubwa kuliko kote na wastani wa ada ya mwaka umepita dola 1,000, wiki zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola zimeonekana zikiuzwa katika eBay kwa dola moja, na muuzaji akijitolea kulipa gharama za kuhamisha jina, ilmuradi aondokewe na ada. Hapo ndipo huchipuka biashara ya pili, chafu kuliko ya kwanza: dalali humpigia mmiliki aliyechoka, humwambia amepata mnunuzi, humdai malipo ya kodi na ya mwanasheria kabla ya mauzo, kisha simu yake hainyanyuliwi tena. Mwezi Aprili 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, kwa ulaghai wa namna hii hasa, uliokuwa ukiendeshwa na genge la wauza mihadarati la Jalisco. Kwamba wenye kuuza sumu wameona faida katika wiki za wastaafu kwanieleza mengi juu ya wingi wa wanaotaka kutoka.

Ama kuhusu watoto, hurithi waliokubali kurithi, na busara ni kuuliza kabla ya sahihi kama mkataba unamfunga marehemu au unawafunga na warithi wake. Hispania, baada ya kuona mikataba ya milele ikiwaandama watu hadi uzeeni, iliweka kikomo cha miaka 50 kwa sheria ya mwaka 1998, na Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikashikilia kwamba mkataba usio na ukomo ni batili. Afrika Kusini iliitungia biashara hii sheria tangu mwaka 1983, na hata hivyo mwaka 2017 tume yake ya walaji ilibidi iketi kusikiliza malalamiko ya watu walioshindwa kujinasua katika klabu za likizo.

Pwani yetu ina somo lake pia. Baada ya maonyo ya usafiri ya Uingereza ya Mei 2014 na mashambulio ya Mpeketoni mwezi uliofuata, hoteli kadhaa kutoka Malindi hadi Diani zilifunga milango, na nyingine hazikufungua tena. Mwenye kukodi alikwenda kwingine. Mwenye wiki katika nyumba iliyofungwa huwa ni mdai kama wadai wengine, nyuma ya benki, nyuma ya mamlaka ya kodi, nyuma ya wafanyakazi, akiwa na cheti chake cha dhahabu.

Sisemi kwamba hakuna anayefaidika. Mzee aliyestaafu, mwenye pensheni ya kutosha, anayenunua wiki kutoka kwa mmiliki mwingine kwa bei ya kutupa badala ya kuinunua kwa kampuni, akajua jengo na majirani na daftari la hesabu za uongozi, huenda akapata pumziko rahisi. Watu hao ni wachache, na hawaalikwi kwa simu.

Kwa familia ya Kinoru itakayo bahari mara moja baada ya miaka miwili, njia iliyo nyoofu ni ile ambayo akina mama wa mtaa wanaijua kuliko muuzaji yeyote. Chama cha watu kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 3,000 kwa mwezi, huwa na shilingi 432,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kinakodi nyumba kubwa mbili Watamu kwa wiki nzima nje ya msimu, kinalipa nauli, na hubaki kitu katika sanduku. Gari la moshi kutoka Nairobi hadi Mombasa, ambalo nauli yake ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, bado ni nafuu kuliko ada ya kubadilishana wiki moja tu. Na chama kikiona mwaka ni mgumu, hukaa nyumbani, na hakuna ankara inayotumwa kwa sababu ya kukaa nyumbani.

Kwa aliyekwisha kuweka sahihi, sheria haikumtupa. Ibara ya 46 ya Katiba humpa mtumiaji haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika na anachokinunua, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, inautaja umiliki wa zamu kwa jina lake. Tena imeufasiri kwa upana ambao wauzaji hawapendi kuukumbusha, kwani inaingiza ndani yake si wiki za nyumba tu, iwe nyumba hiyo iko Kenya au ng'ambo, bali na zile klabu za kupunguziwa bei za usafiri na malazi. Hivyo wakala asemaye, "Sisi si taimsheya, sisi ni klabu," hajatoka nje ya sheria. Mtumiaji anaruhusiwa kuuvunja mkataba huo bila ya kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kuuingia hadi siku kumi baada ya kupokea nakala yake iliyoandikwa. Na asipopewa nakala iliyotimiza masharti, sheria inampa muda wa mwaka mzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulitafuta si kalamu ya kulalamikia, bali tarehe ambayo nakala ilimfikia, maana siku kumi zahesabiwa kutoka hapo, wala si kutoka siku ya ukumbini. Aliyepokea nakala kwa barua pepe Jumatatu ya tarehe 4 ana hadi Alhamisi ya tarehe 14. Barua ya kuvunja haihitaji ufasaha wala msamaha: jina, nambari ya mkataba, tarehe, sentensi moja kwamba mkataba umevunjwa kwa mujibu wa sheria hiyo, na nyingine inayodai fedha zirudishwe. Itumwe kwa barua pepe ili saa ionekane, ipelekwe pia posta kwa rejesta, na risiti ya posta iwekwe pamoja na ile ya malipo. Kama malipo yalifanywa kwa agizo la kukatwa mshahara au akaunti, benki au sacco iandikiwe siku hiyo hiyo ili makato yasimame. Na kama mkopo umekwisha kutolewa, meneja wa mikopo aonwe ana kwa ana, nakala ya barua mkononi, kabla ya mwisho wa mwezi.